Muulize Fundi: Tembo wa maji amegoma kucheza

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni mama wa watoto wanne, naishi Isevya hapa Tabora. Kaka yangu anayeishi Marekani amewaletea wapwa zake tembo wa plastiki wa kurusha maji, mkubwa kama sungura aliyeshiba. Mgongoni ana vimipira vinne laini vinavyotakiwa kurukaruka, mkonga uzunguke na masikio yapigepige. Picha ya kwenye boksi inaonyesha watoto wanaoga wakicheka. Sisi tulipomfunga kwenye bomba la simtanki, maji yalivuja shingoni kuliko yalivyotoka mkongani. Mkonga uligeuka robo ukasimama, vimipira vikalala. Watoto walimzunguka wakamtazama kimya kama wako msibani. Fundi wa mtaani ananiambia ninunue pampu. Baba watoto anasema nimrudishe kwenye boksi maana atatumalizia maji. Nimsikilize nani?

JIBU: Marahaba mama. Fundi wako ameujua ugonjwa mmoja akakosea dawa, na baba watoto ana hoja nitakayoifikia. Lakini tembo wako ana magonjwa mawili, na la kwanza hakuna aliyelitaja.

Tuanze na shingo, pale tembo anapofungwa kwenye koki. Nadhani nati yake ilipokea mizunguko miwili hivi, ikakaza, halafu ikaendelea kuvuja. Ndivyo? Basi ni meno, ile mikato ya kuzunguka iliyo ndani ya nati na kwenye mdomo wa koki. Koki zetu zinafuata vipimo vya Kiingereza, na ile ya robo tatu ya inchi ina meno 14 kwa kila inchi. Mpira wa bustani wa Marekani una meno 11 na nusu. Ukivishika mkononi utaapa ni ndugu wa tumbo moja, maana upana wake unakaribiana sana, na hapo ndipo vinapowadanganya mafundi. Mimi vilinidanganya kwa mteja mmoja Cheyo: niliona nati inagoma, nikachukua pleizi nikasema nitaishikisha adabu. Ikapasuka. Nililipa, na chai niliyoandaliwa sikuinywa kwa aibu. Kwa hiyo usilazimishe, wala usizungushe tepu nyeupe ukidhani itaziba. Utamaliza tepu dukani na bado itavuja.

Mgeuze tembo umtazame chini. Wengi wa aina hii wana mkia, kipande cha mpira cha shibiri moja au mbili kinachoishia kwenye ile nati. Kata nati ya Kimarekani kwa kisu kikali, karibu na mwisho ili mkia usiwe mfupi. Nenda duka la vifaa na kile kipande cha mpira mkononi, uombe kiungio cha plastiki cha mpira kwa mpira kinachoingia humo, pamoja na klipu mbili za kukaza kwa bisibisi. Chovya ncha za mipira kwenye maji ya moto kidogo zilainike, sukuma, kaza. Shingo imepona.

Ugonjwa wa pili ni kimo. Watu wananiambia, "Fundi, nina simtanki la lita 5,000, inakuwaje presha haipo?" Presha haijui tanki lako ni kubwa kiasi gani. Inajua maji yamesimama juu kiasi gani. Kila mita 10 za kwenda juu zinakupa kama bar moja, bar ikiwa ni kipimo cha presha. Mnara wa mita 3, ongeza na maji yaliyomo ndani ya tanki, tuseme mita 4: hiyo ni bar 0.4. Huko alikotoka tembo, bomba la nyumbani kwa kawaida lina bar 3 hadi 4. Yaani amezoea kula sahani nzima, wewe umempa kijiko kimoja halafu unamuuliza mbona hachezi.

Na anahitaji nguvu kweli, kwa sababu ndani yake hamna betri wala mota. Kinachomzungusha ni maji yenyewe. Angalia tundu la mkonga, limetazama upande. Maji yakitoka kwa kasi kwenda kushoto, yanausukuma mkonga kulia. Vile vimipira vya mgongoni vinafanya kama mpira wa kumwagilia unapokuponyoka mkononi, unavyojipigapiga kama nyoka. Maji yakikosa kasi, msukumo haupo. Ujanja huu ni wa zamani: mwaka 1750 msomi aitwaye Johann Andreas Segner, mzaliwa wa Hungaria aliyefundisha Ujerumani, alitengeneza gurudumu la maji lenye kuzunguka kwa namna hiyohiyo. Sisi tulilitengeneza bila kumjua, chini ya mwembe wa bibi yangu kule Kwihara. Unatoboa kopo la maziwa kwa msumari karibu na kitako, matundu manne, na kila tundu kabla ya kuutoa msumari unaulaza upande mmoja. Unalining'iniza kwa kamba, unajaza maji, linazunguka lenyewe hadi kamba inasokotana. Bibi alikuwa akitufukuza kwa sababu ya maji, siyo kwa sababu ya kelele.

Sasa pampu. Usithubutu kuifunga moja kwa moja kwenye bomba la mamlaka. Itanyonya maji ya jirani, na kama kuna kiungio kinachovuja chini ya ardhi itavuta na uchafu wa hapo. Ukiifunga baada ya tanki, sawa kwa mabomba ya ndani ya nyumba, lakini kuivuta hadi uani kwa waya wa kuunganisha unaopita kwenye majani mabichi, karibu na watoto wanne waliolowa? Kwangu hapana. Toy haina thamani hiyo.

Fanya hivi. Siku maji ya bomba yanapotoka, tumia koki inayotoka kwenye laini kabla ya tanki. Acha yatiririke kwanza mpaka yawe meupe, maana baada ya mgao yale ya mwanzo huja na tope litakaloziba tembo. Bana ncha ya mpira kwa kidole gumba ukielekeza juu. Yakipita kilele cha paa bila kusuasua, na ndoo ya lita 20 ikajaa ndani ya dakika mbili, tembo atacheza. Yakiwa pungufu kidogo, funga vimipira viwili kati ya vinne kwa raba za pesa. Matundu yakipungua, yaliyobaki yanapata nguvu. Tumia pia mpira mfupi na mnene. Mpira mwembamba wa mita 30 unakula presha njiani kabla haijafika kwa tembo.

Kwa baba watoto: hesabu yake ni sahihi. Lita 10 kwa dakika, dakika 20, ni lita 200. Ndoo kumi! Na watoto wanataka kucheza hasa Septemba na Oktoba, wakati joto la Tabora linapochoma na mvua bado ipo njiani. Ningemwambia hivi: tembo akae chini ya mpapai au mwembe mchanga, ahamishwe kila dakika tano, aende kwenye mti mwingine. Miti ingenyweshwa hata hivyo. Wekeni saa, dakika 15 mara moja kwa wiki, kisha koki inafungwa hata kama kuna kilio. Kumweka juu ya tuta la mchicha msijaribu, mtakula mchicha uliokanyagwa.

Mawili ya hatari, kwa haraka. Mpira uliolala juani una maji ya moto ya kuunguza. Yamwage yote kabla mtoto hajasogea. Na mkimaliza, mfungue tembo kwenye koki. Akibaki amelala kwenye dimbwi na maji ya bomba yakakatika, laini inaweza kuvuta yale maji machafu kurudi ndani.

SWALI: Fundi, mimi ni mwalimu wa chekechea, Kanyenye. Nina watoto 30 na bajeti ya chaki tu. Nimeona wanyama wa kurusha maji kwenye simu nikatamani. Kuna namna ya kutengeneza wa kwetu?

JIBU: Ipo mwalimu, na nikuambie ukweli, naipenda kuliko tembo wa mama wa Isevya. Chukua chupa ya maji ya lita moja na nusu. Toboa matundu manne karibu na kitako kwa msumari uliopashwa moto, ingiza kwenye kila tundu kipande cha mrija wa soda wenye shingo ya kupinda, ziba pembeni kwa gundi au nta ya mshumaa. Pinda mirija yote ielekee upande mmoja. Ukipinda miwili huku na miwili kule zitashindana na chupa itakaa kimya. Kata mdomo wa chupa, toboa pembeni, ining'inize kwa uzi wa nailoni kwenye tawi. Watoto waibandike masikio ya boksi, madoa ya twiga, mkia wa katani, watakavyo. Mtoto anamimina maji, twiga anazunguka na kuwarushia wenzake.

Chupa moja kwa kila mtoto, watoto 30, ni lita 45. Ndoo mbili na robo kwa darasa zima. Ila nakuonya kwa jambo moja, tena hapa kwetu kwenye mashamba ya tumbaku: chupa iliyowahi kutiwa dawa ya shamba usiipokee, hata ikioshwa mara saba na ikinukia sabuni. Mtoto atakinga mdomo kwenye ule mrija, hilo unalijua kuliko mimi. Pokea zile ulizoona mwenyewe zikinywewa maji.

SWALI: Nina kobe wa maji, nipo Ipuli. Siku tatu alitikisa kichwa vizuri, sasa maji yanatoka ila kichwa hakitikisiki. Nimpake grisi ya baiskeli?

JIBU: Usimpake, mwanangu, wanao watailamba. Huo ni mchanga umeingia kwenye vigurudumu vya ndani. Mloweke usiku kucha kwenye beseni, asubuhi mpulizie maji kwa kinyume, kuanzia matundu ya juu kurudi kwenye mkia, huku unakitikisa kichwa kwa mkono. Matundu yaliyoziba yazibue kwa pini. Ukiona ukoko mweupe, rudia kumloweka kwa siki iliyochanganywa na maji. Na safari nyingine mweke juu ya nyasi au kipande cha mkeka, siyo kwenye kichanga.