Pikipiki CG125 ya zamani inavuja petroli kwenye kabureta

Mkuu hiyo CG125 ya mzee inayodondosha petroli ukiipaki usiku, usikimbilie kununua kabureta mpya. Angalia kwanza inatokea wapi. Ikitoka kwenye kale kampira ka ovafloo (ka kutolea petroli iliyozidi) kanakoning'inia chini basi nido, kile kisindano kinachozuia petroli kabureta ikijaa, haifungi, na kwa vumbi letu la Dodoma mara nyingi ni uchafu tu au kutu ya tenki imenasa pale. Funga koki, fungua kikombe cha chini, toa boya (linaloelea humo na kuifunga nido) ulitikise karibu na sikio, ukisikia petroli inacheza ndani ujue limetoboka halielei tena, tupa. Nido nayo ikague ncha, ikiwa na kamstari kamezunguka imeshalika, badilisha. Ila kama panalowana pale kikombe kinapoungana na kabureta hiyo ni oringi (mpira wa duara wa kuzuia kuvuja) imekauka, usipake silikoni jamani, petroli inailainisha vipande vinaziba jeti, kale katundu ka kupitishia petroli (mimi yalinikuta, nikasukuma chombo kutoka Ihumwa jua la saa saba). Halafu nusa oili ya injini, ikinuka petroli ujue imevujia humo, imwage uweke mpya kabla hujapiga kiki. Na hiyo kazi ifanyie nje, mbali na jiko la mkaa.