Maswali ya Wasomaji: Kuhama jimbo Marekani na watoto wanaosomea nyumbani

SWALI: Mdogo wangu na mumewe wako Dallas, Texas, na watoto wao watatu wanasomea nyumbani. Januari wanahamia Pittsburgh, Pennsylvania. Watoto wana miaka 7, 9 na 13. Wa kati yuko gredi ya 3, mkubwa gredi ya 8. Wamenituma nitafute kijitabu cha kliniki cha huyo mkubwa, aliyezaliwa hospitali ya Pumwani, Nairobi, na sielewi kinahusianaje na masomo. Mama yetu, mwalimu mstaafu, anakwenda kukaa nao. Je, anaweza kuwa mwalimu wao rasmi? Na huko watapata wapi wenzao?
*Mama Neema, Kasarani*

JIBU: Mama Neema, kitafute hicho kijitabu leo. Marekani haina sheria moja ya elimu ya nyumbani. Kila jimbo lina yake, na hawa wanatoka kwenye jimbo legevu kwenda kwenye mojawapo ya yale makali. Texas, tangu uamuzi wa mahakama yake ya juu mwaka 1994, inahesabu nyumba inayofundisha kama shule ya binafsi. Hakuna kujisajili wala mtihani wa lazima. Ndiyo maana familia nyingi za huko huondoka bila karatasi yoyote mkononi.

Pennsylvania mzazi huanza na hati ya kiapo. Inapelekwa kwa mkuu wa wilaya ya shule wanakoishi kabla ya somo la kwanza, kisha kila mwaka kufikia tarehe 1 Agosti. Wasidhani ni kazi ya wakili kama tulivyozoea hapa Nairobi. Notari wa kule, yaani ofisa anayeshuhudia kiapo, si lazima awe wakili, na benki nyingi zinaye. Ndani yake huandikwa jina la msimamizi, majina na umri wa watoto, anwani, simu, na malengo ya kila somo. Malengo yawe mafupi: mistari miwili mitatu kwa somo inatosha. Anayeandika kurasa kumi anajichosha bure.

Huyo wa miaka 7 asiachwe nje. Maelezo ya zamani bado yanasema umri wa lazima unaanza miaka 8, lakini tangu mwaka wa masomo wa 2020–2021 ni miaka 6 hadi 18.

Sasa kijitabu. Hati huambatana na ushahidi wa chanjo, na ratiba ya Kenya hailingani na ya Pennsylvania. Kliniki zetu huchanja dondakoo, pepopunda na kifaduro mara tatu, wiki ya 6, 10 na 14. Kule wanataka dozi nne, moja ikiwa baada ya mtoto kutimiza miaka 4. Polio nayo inadai dozi baada ya umri huohuo. Chanjo yetu ya surua haina matumbwitumbwi, na tetekuwanga haimo kabisa katika ratiba ya kawaida ya serikali, ilhali kule vyote viwili vinadaiwa dozi mbili mbili. Kuanzia gredi ya 7 huongezwa nyongeza ya pepopunda na chanjo ya homa ya uti wa mgongo. Huenda daktari wa Dallas alishakamilisha mengi, ila rekodi yake bila dozi za mwanzo inaonyesha pengo, na mtoto anaweza kudungwa upya bila sababu. Piga picha kurasa zote za chanjo, tarehe zisomeke, uzitume. Kijitabu chenyewe akibebe Mama.

Kuhusu Mama: msimamizi lazima awe mzazi au mlezi wa kisheria mwenye angalau cheti cha sekondari. Nyanya anaweza kufundisha kila siku chini ya msimamizi huyo. Mdogo wako akumbuke kwamba anapotia sahihi anathibitisha pia kuwa watu wazima wote wanaoishi nyumbani humo, Mama akiwemo, hawajapatikana na hatia ya makosa yaliyoorodheshwa ndani ya miaka mitano iliyopita. Wala namba ya TSC, tume ya walimu ya Kenya, haimfanyi Mama kuwa mtathmini, yaani anayekagua masomo ya mwaka. Huyo hawezi kuwa msimamizi wala mwenzi wake wa ndoa, na lazima awe na sifa zinazotambuliwa kule, kwa mfano mwalimu mwenye cheti cha Pennsylvania.

Mtathmini huzungumza na kila mtoto na kupitia faili lake: daftari la kumbukumbu lenye majina ya vitabu vilivyosomwa, sampuli za kazi, na matokeo ya mtihani kwa gredi ya 3, 5 na 8. Kwa hiyo wawili kati ya watatu hawa wana mtihani mwaka huu, na mzazi haruhusiwi kuusimamia. Cheti cha mtathmini kifike wilayani kufikia 30 Juni. Watafute mtathmini Februari. Mei wengi huenda wamejaa. Mwaka ni siku 180, au saa 900 kwa msingi na 990 kwa sekondari, hivyo waandike sasa siku walizofundisha Texas tangu Julai, wangali wanazikumbuka. Kinachosahaulika sana ni somo la hatari na uzuiaji wa moto. Liko kwenye sheria, na karatasi yake iwemo.

Masomo ya lazima yafundishwe kwa Kiingereza. Kiswahili kiingie kama lugha ya ziada. Saa kumi jioni ya Nairobi mwezi Januari ni saa mbili asubuhi Pittsburgh, kwa hiyo binamu wa Kasarani anaweza kuwa mwenzao wa kusoma kwa video.

Wenzao wa karibu wako kwenye vikundi vya wazazi wanaofundisha kwa zamu. Huendeshwa kama chama: usipotoa zamu yako, hupati ya wenzako. Waulize mapema, maana baadhi huenda visipokee wanachama katikati ya mwaka. Januari mlango ulio wazi ni shule ya wilaya. Sheria inaruhusu watoto wa nyumbani kujiunga na timu na kwaya zake, na hata kuchukua masomo kadhaa hadi robo ya siku. Wilaya pia huazima vitabu vya kiada mzazi akiomba.

Wakiambiwa wajiunge na shule ya mtandaoni ya umma kwa kuwa "ni kitu kilekile", wajue hapo mtoto ni mwanafunzi wa shule ya umma, na ratiba si yao tena.

SWALI: Kaka yangu anahamia New York. Je, afuate hayo hayo?
*Baba Zuhura, Eastleigh*

JIBU: Hapana. Akihamia New York katikati ya mwaka wa masomo, anatoa taarifa kwa wilaya ya shule ndani ya siku 14 za kuanza kufundisha. Wilaya humtumia fomu ya mpango wa masomo wa kila mtoto, naye ana wiki nne za kuirudisha. Baada ya hapo hupeleka ripoti nne kwa mwaka, kwa tarehe alizozichagua mwenyewe kwenye mpango, pamoja na tathmini ya mwisho wa mwaka. Achague tarehe zisizogongana na safari za kuja nyumbani Desemba.