Nilimhamishia mama mjini, kisha nikamrudisha

Mama alianguka akienda chooni, alfajiri moja ya mwezi wa tatu, mvua zikiwa zimeufanya udongo wa uani uteleze kama bamia. Hakuvunjika mfupa. Alichubuka kiwiko, nyonga ikamuuma, akakaa pale chini mpaka mtoto wa jirani aliyekuwa anapita na ndoo akamwona. Simu ilinikuta Mtwara mjini saa moja na nusu asubuhi. Kabla hata sijapata gari la kwenda Tandahimba nilikuwa nimeshakata shauri: mama hakai tena kule peke yake.

Siku ya tatu tukamhamisha. Kuku nikamwachia jirani, mlango nikautia kufuli, godoro na sanduku vikapanda garini. Mama alikaa mbele na dereva, kimya, kapakata kikapu chake. Siku hiyo nilijiona binti mwema kuliko mabinti wote wa Makonde. Mwezi wa nane nilimrudisha. Naandika kwa ajili yako unayejiandaa kwenda kumchukua mzee wako Newala, Nanyamba, Ruangwa au Liwale, ukidhani gari na chumba cha wageni vinatosha.

Kilichotushinda kwanza ni choo.

Nyumba yetu ina choo cha ndani, kile cha kukaa, na mlango wake unatazamana na sebule. Mimi niliona hiyo ndiyo raha yenyewe: hakuna mvua, hakuna giza, hatua sita tu kutoka kitandani. Sikuwaza kwamba sebuleni anakaa mume wangu, na kwamba kwa mama yangu huyo ni mkwe. Mama kalelewa kwamba mkwe hapaswi hata kusikia maji yako yakimwagika. Basi akawa anajizuia. Asubuhi anasubiri mume wangu atoke kwenda kazini, na jioni akirudi, mama anajifungia chumbani mpaka watu walale. Na ili haja isimsumbue, akapunguza kunywa maji.

Mimi mwanawe sikuligundua hilo. Tulimpeleka hospitali kwa kuwa alikonda na kushikwa na kizunguzungu. Presha ikapimwa, damu ikapimwa, kisha daktari, kijana mdogo tu, akaacha kuongea na mimi akamgeukia yeye: "Bibi, kwa siku unakunywa vikombe vingapi?" Mama akacheka kidogo, akatazama chini. "Kimoja. Cha chai."

Mume wangu aliposikia alitaka kuchimba choo cha shimo nyuma ya nyumba. Mjini, kwenye nyumba ya vigae! Lakini choo peke yake kisingetibu yaliyobaki. Watoto shuleni, sisi kazini, geti limefungwa, mama kutwa nzima na dada wa kazi anayetazama tamthilia. Wajukuu Kimakonde hawakijui, na Kiswahili cha mama kinamtosha kununulia samaki, hakimtoshi kusimulia. Kule kwake, akikaa barazani asubuhi, anapokea shikamoo kadhaa kabla jua halijawa kali. Kwetu shikamoo yake ya mchana ilikuwa moja, ya muuza samaki wa baiskeli, na siku asipopita, basi tena.

Mwezi wa saba mjomba akaja. Mjomba ni kaka yake mama, na sisi tunaohesabu ukoo kwa mama tunajua uzito wa neno lake. Nilimwamkia, nikampa kiti, nikampa maji. Hakuyanywa. "Mmembeba dada yangu kama gunia la korosho," alisema. "Gunia ndilo haliulizwi linapelekwa ghala gani." Nilijitetea kwamba mama alianguka, kwamba hali ilikuwa ya dharura. Akanijibu kuwa dharura iliisha siku ile ile alipoinuliwa. Iliumiza kwa kuwa ilikuwa kweli. Kaka zangu niliwapigia simu wote wakati ule. Mama mwenyewe sikumuuliza, na mjomba nilimpa taarifa tukiwa tumeshafika mjini.

Halafu akaleta habari ya pili: mikorosho. Mama ana mikorosho yake mwenyewe, aliyoipata kwa mama yake. Nilipofunga mlango nilimwambia binamu mmoja "iangalie iangalie tu", na yeye akaiangalia vizuri sana: salfa ya ruzuku, dawa ya kupulizia mikorosho, iliyokuja kwa jina la mama alichukua, akapulizia ya kwake, na sehemu ya korosho ambazo hazijatoa hata ua alikuwa ameshaziuza kangomba, yaani kwa walanguzi nje ya ushirika. Ukimhamisha mzee wa Kusini unamtenga na mshahara wake, yaani mikorosho, na mshahara wenyewe hauna miguu ya kumfuata mjini. Kwa hiyo kabla ya gari kuja, kaeni na mtendaji wa kijiji na mtu wa ukoo, muandike shamba liko wapi, anayelihudumia ni nani na anachukua sehemu gani. Jina la mzee libaki kwenye daftari la wakulima na kwenye AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, malipo yaingie akaunti yake, na simu yenye laini iliyounganishwa na akaunti hiyo akae nayo yeye au mtu aliyemchagua yeye. Wewe binti wa mjini usijichague.

Tulipokubaliana kumrudisha, nilifanya kile nilichopaswa kufanya mwezi wa tatu: nililala kwake siku nne na kumfuata kila anapokwenda. Nilihesabu anainama mara ngapi na anashika ukuta wapi. Siku ya pili niligundua kwamba hata njia haioni vizuri. Jicho la kushoto lilikuwa na mtoto wa jicho, na lile la kulia lilianza. Miezi mitano tulihangaika na nyumba wakati tatizo lilikuwa jicho! Alifanyiwa upasuaji mdogo, siku ya pili akafunguliwa bandeji. Tafadhali, kabla hujasema mzee wako hawezi tena kukaa peke yake, mpeleke kwanza macho, presha na sukari.

Choo cha kijijini hatukukivunja. Seremala alitengeneza kiti cha mbao chenye tundu katikati, kizito, cha kuweka juu ya shimo, na pembeni akasimamisha nguzo mbili za kushikia kila upande. Alichukua shilingi 35,000. Njia kutoka mlangoni tuliijaza kokoto, kizingiti kilichokuwa kinamkwaza tukakichonga kikawa chini, na kutoka nguzo ya baraza mpaka chooni tukafunga kamba ya katani usawa wa kiuno chake. Taa ndogo ya sola inawaka yenyewe giza likiingia. Kitanda cha kamba tulikiinua kwa matofali, maana kilikuwa chini mno na kuinuka kwake kulikuwa vita kila asubuhi. Kazi yote ilimalizika kwa siku mbili.

Kwa sisi wa uwanda wa juu, swali zito kuliko choo ni maji. Newala na Tandahimba maji yako chini sana, na tangu zamani watu wanavuna ya mvua kutoka bati au wanasubiri ya bomba kutoka bondeni, ambayo yana siku zake. Mzee anaweza kupika, kufagia na kuoga mwenyewe, lakini ndoo ya lita 20 kichwani ndiyo itakayomwangusha. Ukiniuliza mzee gani anaweza kubaki kwake, nitakuuliza maji anachotewa na nani kiangazi. Tulimnunulia pipa, tukafunga mfereji kwenye bati, na kiangazi tunamlipa kijana wa baiskeli moja kwa moja kwa simu.

Kisha akatafutwa mtu wa kukaa naye. Ndugu walipendekeza tumchukue msichana wa darasa la sita wa shangazi fulani "akae na bibi". Nilikataa na nitaendelea kukataa: mtoto wa mtu haachi shule ili akufutie wewe deni la malezi. Tulimpata mama mmoja jirani, mjane, wanawe wamekua. Anakuja asubuhi na jioni, analala pale mama akiwa na homa, na tunamlipa kila tarehe moja bila kukumbushwa. Ukimchelewesha miezi miwili usimlaumu akichelewa na yeye. Ndugu tuko wanne. Aliyeko Dar anatuma pesa, wa Masasi anatuma maneno, na mdogo wetu wa Nanyamba hana kitu ila kila Ijumaa anapanda pikipiki anakwenda kula na mama. Zamani nilikuwa nahesabu waliochanga pesa tu. Siku hizi huyo wa Ijumaa namwandika wa kwanza.

Kuhusu misaada ya serikali, watu wananiuliza sana, hivyo nieleze ninachokijua. Kwa sera yetu mzee ni kuanzia miaka 60, na asiye na uwezo anatakiwa kutibiwa bila malipo kwenye vituo vya umma. Mlango wake ni kitambulisho cha mzee: unaanzia kwa mtendaji wa kijiji au mtaa, unafika kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Nenda na picha na kitambulisho cha taifa kama kipo, na jina lake liulizwe pia kwenye baraza la wazee la kijiji, maana wale ndio wanaojua nani kasahauliwa. Hospitalini tafuta dirisha la wazee, iwe Ligula pale Mtwara, Sokoine pale Lindi, au ile ya Kanda ya Kusini kule Mitengo, Mtwara. Lakini nenda na akiba mfukoni. Sisi kwenye kituo kimoja tulipokelewa kwa heshima zote, tukapishwa foleni, kisha tukaambiwa dawa ya presha haipo, kanunueni nje. Bure bila dawa ni safari tu.

TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya masikini, haiangalii umri peke yake. Inaangalia kaya masikini, na majina hupitishwa kwenye mkutano wa kijiji. Mzee wako akiwa mlengwa kisha ukamhamisha kimyakimya, siku ya malipo utatafutana na watu, kwa hiyo toa taarifa. Na wale wanaosikia kwamba Zanzibar wazee wa miaka 70 wanapewa pensheni kila mwezi, ni kweli, ilianza 2016. Huku Bara pensheni ya namna hiyo hatuna, tusidanganyane.

Makazi ya wazee ya serikali yapo pia kwetu Kusini, kama Nandanga upande wa Lindi. Anayeingia kule ni mzee asiye na ndugu wala njia, na anapitia ustawi wa jamii. Hupeleki mzazi kwa kuwa umechoka, kama unavyopeleka pikipiki gereji. Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 iliyaweka makazi kama hatua ya mwisho baada ya familia na jamii. Ila nisiseme vibaya: ukimjua mzee anayelala kwenye kibanda kinachovuja na hana hata mpwa wa kumpa uji, kumfikisha kwa afisa ustawi si kumdhalilisha. Kumwacha pale ukisema "ana watu wake" ndiko kumdhalilisha.

Sisemi kila mzee abaki kijijini. Anayesahau moto jikoni, anayepotea njia ya nyumbani, anayehitaji kugeuzwa kitandani, huyo kamba ya katani haimtoshi. Na ipo njia ya katikati ambayo wengi hatuifikirii. Rafiki yangu wa Lindi alimtoa baba yake shambani, mbali kabisa na barabara, lakini hakumpeleka kwake. Alimpangia chumba Mtama, nyumba ya mama mmoja anayepika vitumbua, msikiti upo ng'ambo ya barabara na usafiri wa kwenda Lindi unapita mlangoni. Mzee analipa kodi mwenyewe kwa pesa ya korosho. Ana ufunguo wake. Jioni utamkuta anacheza bao na wenzake, na akiulizwa kama alihamishwa na mwanawe anakasirika: "Nimehama."

Kama lazima aje kwako, mlete kwanza kwa mwezi mmoja kama mgeni, nyumba yake isifungwe, kuku wasigawiwe. Mwonyeshe choo kabla ya kumwonyesha televisheni. Kama yupo mkwe ndani, tengeni mlango na saa. Mpe kazi, hata ya kuchambua kisamvu. Na wiki ya nne muulize, ukiwa tayari kwa jibu usilolitaka.

Mama sasa yupo kwake. Juzi alinipigia, nikaogopa kama ninavyoogopa kila simu ya alfajiri. Alikuwa anaomba namba ya yule seremala. Bi mkubwa wa nyumba ya tatu amekiona kiti, anataka na yeye, na mwenzake wa kule kwenye mwembe pia. "Mwambie apunguze bei," mama alisema. "Sasa vitakuwa vitatu."