Baada ya Turubai Kukunjwa

Mume wangu alizikwa Jumatano. Ijumaa, baada ya dua, vijana wakakunja turubai, viti vya kukodi vikapakiwa kwenye guta, na nyumba yetu pale Mbagala ikawa kimya hadi nikawa nasikia friji ya jirani ikinguruma. Mbele yangu kulikuwa na eda, miezi 4 na siku 10.

Siwalaumu waliorudi makwao. Watu wana kazi. Ugumu huja wiki ya tatu, simu zinapopungua na wewe mwenyewe huna hamu ya kupokea hizo chache. Mimi yangu niliizima kabisa.

Shoga yangu alipoona sipatikani, alimaliza kuuza vitumbua vyake, akapanda daladala kutoka Tandika. Aliingia na chupa ya chai, akavuta ungo, akaanza kuchambua mchele. Hakuniambia nijikaze. (Jamani, hilo neno linamchosha mfiwa kuliko kilio chenyewe.) Akawa anakuja hivyo kila Jumanne. Mara ya tatu ndipo nilipomweleza jambo ambalo hata ndugu zangu niliwaficha: ugonjwa wa marehemu ulituachia madeni.

Alikasirika. "Tumekaa dawati moja tangu darasa la kwanza, leo hili unanificha?" Kisha akaomba daftari la mwanangu, tukaandika yote: duka la dawa, genge, muuza mkaa, kikoba. Jumla shilingi 640,000. Hela hakuwa nayo. Lakini mimi nilikuwa ndani nikikaa eda, basi yeye akawa miguu yangu. Alimfuata kila mdai, akaeleza hali, akaomba tulipe kidogo kidogo. Mmoja alikataa, alimrudia mara mbili hadi akalegea.

Wewe uliyefikwa, nakuomba umtafute mmoja umwambie kila kitu, hadi kiasi unachodaiwa. Asiyejua atakuombea dua, na dua ni njema, ila hawezi kwenda kwa mdai wako. Nawe ambaye rafiki yako amefiwa, usimwandikie "ukihitaji chochote niambie". Hatasema. Shika siku moja ya wiki, uende, hata kama mtakaa kimya.

Mwaka huu mama yake shoga yangu anaugua. Jumanne namwachia mwanangu meza ya samaki, napanda daladala ya Tandika na chupa ya uji.