Maswali ya Wasomaji: Ukitoka Kuzamia Pemba, Usiharakishe Kupanda Kitonga

SWALI: Mhariri, mimi ni mwalimu hapa Uyole, Mbeya. Nilijifunza kuzamia kwa mtungi wa hewa huko Unguja na nina cheti cha kwanza. Mwezi Novemba binamu zangu wamekodi boti yenye vyumba vya kulala, nasi tutakaa baharini karibu wiki nzima tukizunguka Mnemba, Misali na pwani ya magharibi ya Pemba, tukizamia mara tatu au nne kwa siku. Ratiba inaonyesha kwamba tutazamia hadi asubuhi ya siku ya mwisho. Nilipouliza kuhusu muda wa kupumzika kabla ya safari, wenye boti walinijibu kwamba saa za kusubiri zinawahusu wanaopanda ndege tu, na kwamba mimi ninayerudi kwa basi la usiku sina sababu ya kuhofu. Je, ni kweli?
Mwalimu, Uyole

JIBU: Si kweli, dada yangu, na ninafurahi kwamba umeuliza kabla ya kukata tiketi. Waliokujibu hivyo huenda wamezoea wageni wanaobaki pwani, ambao kwao basi ni basi tu. Wewe basi lako linapanda mlima.

Ukiwa ufukweni, mwili wako unabeba uzito wa anga moja la hewa, na kila mita 10 unazoshuka baharini huongeza mgandamizo wa kiasi hichohicho. Kwa hiyo katika mita 18, ambazo ndizo kikomo cha cheti chako, unavuta hewa yenye mgandamizo wa karibu mara tatu ya ule wa juu, na naitrojeni iliyomo humo huyeyuka kwa wingi katika damu, mafuta na viungo. Unapopanda taratibu, naitrojeni hiyo hurudi mapafuni na kutoka, lakini haitoki yote kwa mara moja. Mtu aliyezamia mara moja hubaki na akiba ndogo. Maisha ya botini ni tofauti: unazamia alfajiri, unakula, unazamia tena kabla ya adhuhuri, unalala kidogo, unazamia alasiri na pengine usiku, na kesho unaanza upya kabla mabaki ya jana hayajaisha. Kufikia siku ya mwisho, mwili umebeba akiba kubwa hata kama kila mbizi, ukiitazama peke yake, ilikuwa ndani ya kikomo.

Sasa tazama njia ya kurudi nyumbani. Ndani ya ndege ya abiria, hewa huwekwa katika mgandamizo usiopungua ule wa mahali palipo mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, na hiyo ndiyo sababu wazamiaji hukatazwa kuruka mapema: mgandamizo ukipungua, naitrojeni iliyobaki mwilini inaweza kugeuka viputo na kuleta ugonjwa wa wazamiaji. Miongozo ya Divers Alert Network, shirika la kimataifa la usalama wa wazamiaji, inataka angalau saa 12 baada ya mbizi moja ya kawaida na angalau saa 18 baada ya mbizi za kurudiarudia za siku nyingi, nayo inahesabu mwinuko wowote kuanzia takribani mita 600. Jiji la Mbeya liko karibu mita 1,700, na Mafinga, ambako basi lako litapita, iko juu zaidi ya hapo. Mgandamizo wa hewa Mbeya ni kama asilimia 82 tu ya ule wa Dar es Salaam. Mwili hauulizi kama umefika juu kwa mabawa au kwa magurudumu.

Tupige hesabu ya ratiba uliyopewa. Tuseme mbizi ya mwisho inakwisha saa 5 asubuhi, boti inawateremsha Unguja, unawahi feri ya alasiri, na saa 12 jioni umeketi ndani ya basi Dar es Salaam. Mpaka hapo ni saa 7. Morogoro na Mikumi hazikusumbui, kwa kuwa ziko chini ya mita 600. Lakini baada ya Ruaha Mbuyuni barabara inaingia Kitonga, na kwa muda mfupi, huku basi likinguruma kwa gia ya chini nyuma ya malori, unapandishwa mamia ya mita hadi Ilula. Hiyo itakuwa kama saa 7 au 8 usiku, yaani saa 14 au 15 baada ya kutoka majini. Hazitoshi.

Lala Dar es Salaam usiku huo, upande basi la saa 12 asubuhi. Utaondoka ukiwa umetimiza saa 19, na utakapoanza kupanda Kitonga mchana zitakuwa zimepita zaidi ya saa 24, muda ambao wazamiaji makini huuchukua hata pale miongozo inaporuhusu pungufu. Kama likizo yako haina nafasi ya siku hiyo moja, basi acha mbizi ya asubuhi ya mwisho, ubaki juu na miwani na mrija wako ukitazama samaki. Wanaofikiria treni ya TAZARA wajue kwamba nayo hupanda, kuanzia Mlimba kuelekea Makambako, kwa hiyo hesabu ni ileile: unahesabu tangu ulipotoka majini hadi mwinuko unapoanza.

Ninasisitiza jambo hili kwa sababu dalili za ugonjwa huo wa viputo hujificha vizuri ndani ya basi la usiku. Bega au kiwiko kinauma, nawe unadhani ni kiti. Vidole vinakufa ganzi, unadhani umevilalia. Uchovu mzito na kizunguzungu, unadhani ni malaria inaanza. Ukiona hayo baada ya kuzamia, au miguu ikilegea, au ukishindwa kukojoa, usiendelee kupanda. Shuka mahali pa chini, nenda kituo cha afya, mwambie mganga waziwazi kwamba ulikuwa unazamia kwa mtungi na saa uliyotoka majini, na uombe oksijeni. Kukanda kiungo hakusaidii, na kurudi majini ili kujitibu mwenyewe ni hatari kubwa. Kabla hamjang'oa nanga, waulize wenye boti mambo mawili: mtungi wa oksijeni uko wapi, na mgonjwa hupelekwa chumba gani cha mgandamizo, yaani chumba cha tiba ambamo huwekwa tena chini ya hewa nzito, na kwa usafiri gani. Boti isiyoweza kujibu maswali hayo mawili haifai kulala baharini na wazamiaji.

SWALI: Mimi ni kijana wa Makete na nimealikwa kwenye safari kama hiyo. Je, sisi tuliozaliwa kwenye baridi na miinuko tuna udhaifu wowote majini? Masikio yangu huziba hata gari linapoteremka mlima.
Msomaji, Makete

JIBU: Kushuka kutoka Makete kwenda pwani hakuna madhara kwa mzamiaji, kwa kuwa mwili unatoka kwenye hewa nyepesi kwenda kwenye nzito. Kuziba masikio unakokutaja ni jambo lilelile litakalokupata majini, ila majini huja kwa kasi zaidi: mita chache za kwanza ndizo zenye mabadiliko makubwa kuliko zote. Bana pua na upulize kwa upole kabla maumivu hayajaanza, urudie kila baada ya mita moja hivi, na sikio likikataa, panda kidogo ujaribu tena bila kulazimisha. Kinachowaponza zaidi watu wa Makete na Njombe ni mafua ya miezi ya baridi. Mwenye mafua asizamie, na asimeze dawa ya kufungua pua ili apate kuzamia, kwa maana dawa inaweza kuisha nguvu akiwa bado chini.

SWALI: Ni miezi gani inafaa kwa safari ya boti ya kulala huko Pemba, na je, matumbawe bado yako hai, au tutalipa fedha nyingi kutazama mawe?
Msomaji, Iringa

JIBU: Yako hai, ingawa yameumizwa. Mwaka 1998 joto la bahari lilipausha matumbawe mengi katika Bahari ya Hindi, yakiwamo ya Mafia, na mwaka 2016 upaukaji ukarudi. Uvuvi wa baruti nao uliacha makovu yake. Hata hivyo kuta za magharibi ya Pemba, zinazoteremka kwenye mkondo wenye kina cha zaidi ya mita 800, bado zina matumbawe laini, chewa na kasa, na Misali imekuwa eneo la hifadhi tangu 1998. Msikose mbizi ya usiku: mkimulika taratibu ndani ya nyufa mtamkuta pono amelala, na wengine wa jamii yake huwa wamejifunika utando mwembamba wa ute walioutoa mdomoni, unaopepea kila maji yanaposogea. Msimmulike machoni, wala msiguse utando huo. Tena ulizeni kama boti hufungwa kwenye boya au huangusha nanga juu ya matumbawe, kwa kuwa nanga moja huvunja kilichokua kwa miaka mingi.

Kuhusu majira, epukeni kusi linapovuma kwa nguvu kati ya Juni na Agosti, na masika ya Machi hadi Mei. Oktoba na Novemba bahari hutulia kabla ya kaskazi kushika, na wanaopenda kufika Mafia wanaweza kumwona papa potwe kuanzia Oktoba hadi Februari. Kwenye milango ya Njao na Fundo, yaani mapengo ya bahari huko Pemba, maji huenda mbio sana wakati wa bamvua, yanapojaa na kupwa kupita kawaida, hivyo wenye cheti cha kwanza wapange safari wakati wa maji mafu, yaani kati ya tarehe 8 na 10 au 23 na 25 za mwezi mwandamo.