Maswali na Majibu: Miadi ya kikazi

Nanunua pilipili manga na mdalasini kwa wakulima wa Muheza na kuwauzia wafanyabiashara wa nje. Nilimwandikia mteja wa Muscat, "Tuongee kesho saa 3." Yeye akapiga saa nane mchana kwetu, nikiwa shambani kusiko na mtandao. Tangu hapo anajibu kwa kusuasua. Nimwandikieje?

Wewe ulikusudia saa tatu asubuhi. Yeye aliisoma 3 ya kizungu, yaani saa tisa alasiri kwake, ambayo huku Tanga ni saa nane. Mteja wa nje mwandikie saa kwa mtindo wa 24, na utaje miji yote miwili. Muscat wametutangulia kwa saa moja. Kigali, Bujumbura na Lubumbashi wako nyuma yetu saa moja, Kinshasa saa mbili. London ina vituko vyake: wako nyuma saa tatu majira ya baridi, saa mbili majira ya joto, na hubadili Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba. Kikao cha kila wiki kisiporekebishwa wakati huo, mmoja wenu atajikuta peke yake.

Angalia na siku. Oman hupumzika Ijumaa na Jumamosi, kwa hiyo nyote wawili mko kazini Jumatatu hadi Alhamisi tu. Mwezi wa Ramadhani saa za kazi hupunguzwa. Omba asubuhi, wala usisogelee futari.

Mwandikie hivi:

"Asalaam aleikum ndugu yangu. Samahani, saa niliyoandika ilikuwa na utata. Naomba dakika 20 tuzungumzie bei ya pilipili manga na tarehe ya kupakia. Nafasi nilizonazo: Jumatatu 13 Julai, 10:00 Tanga / 11:00 Muscat, au Jumatano 15 Julai, 14:00 Tanga / 15:00 Muscat. Nitapiga mimi kwa WhatsApp. Zisipokufaa, nitajie wakati wako."

Hapo anaweza kujibu "Jumatatu" na mambo yakaisha. "Una nafasi lini?" inasikika ya unyenyekevu, lakini inamtwisha kazi ya kupekua ratiba yake, na wengi huiahirisha mpaka wakaisahau. Nafasi mbili zinatosha, tatu ukizidisha sana. Na usimpe mtu mwingine nafasi hizo kabla hajajibu. Huko ndiko aibu nyingi zinakoanzia.

Nimemtumia Mkurugenzi wa halmashauri ujumbe wa simu kuomba kikao. Wiki mbili, kimya.

Ofisi ya umma inakwenda kwa barua. Elekeza kwa cheo, si kwa jina la mtu, weka "Yah: Ombi la kukutana", kisha utaje shida yako kwa aya moja, watakaohudhuria na muda unaohitaji. Peleka nakala mbili masjala, moja igongwe muhuri wa kupokelewa, nawe uondoke nayo. Baada ya siku tano za kazi, nenda kwa katibu muhtasi na nakala hiyo. Yeye ndiye mwenye shajara ya bosi. Anayemruka akamvizia Mkurugenzi koridoni hurudishwa kwake vilevile, safari hii akiwa amemuudhi.

Foleni ya Dar ikinikamata, nitoe taarifa lini?

Mara tu unapoona hutawahi, na iwe kabla ya saa ya miadi kufika. Taja saa utakayofika: "Nipo Ubungo, nitafika 10:40." Jumlisha na dakika kumi za ziada, maana kuomba radhi mara mbili kunachosha kuliko kuchelewa kwenyewe. "Nipo njiani" haimsaidii mtu. Dar hata aliye bafuni yupo njiani. Ukizidi nusu saa, muulize kama bado ana nafasi au mpange siku nyingine, na siku hiyo achague yeye.