Re: Okidi ya kiatu majani yanalegea na namwagilia kila siku, niko Capri Point, Mwanza

Pole dada, kama unamwagilia kila siku na bado majani yanalegea basi angalia mizizi kwanza. Hizi okidi za kiatu (Paphiopedilum) hazina vile vivimbe kama vitunguu vya kutunza maji kama okidi zingine, kwahiyo hazitaki kukauka kabisa, lakini zikikaa kwenye maji mizizi inaoza na mzizi uliooza haunyonyi kitu hata umwage ndoo nzima. Itoe kwenye chungu, mizizi inayobonyea kata na mkasi safi, panda upya kwenye vipande vya magome ya msonobari na mkaa kidogo, udongo wa bustani hapana jamani!! Baada ya hapo usihesabu siku, ingiza kidole, juu pakianza kukauka ndo unamwagilia, asubuhi, mpaka maji yatoke chini, ila yasituame katikati ya majani. Maji ya mvua ndo mazuri zaidi. Unyevu wa hewa zinapenda asilimia 50 kwenda juu, na usidhani ziwa linatosha maana Juni mpaka Agosti huku Mwanza kunakauka kweli, weka sinia la kokoto na maji, chungu kikae juu ya kokoto kisiguse maji. Kivulini, hewa ipite. Ukishaitoa tupia picha ya mizizi hapa tuione.